Kiwiko cha Nne

Miaka thelathini na moja nimelipwa kutenga maji na umeme.
Ndiyo kazi yangu, ukiivua mapambo:
haya yapite huku, ule upite kule,
wasalimiane kwa mbali kama mahasimu msibani.

Sasa Iestyn, kijana wa ghorofa ya chini,
kaja kubisha hodi Jumapili, mvua ya Swansea ikimchuruzika masikioni,
mkononi mchoro kwenye karatasi ya miraba.
"Bi Eluned, nataka bomba la shaba lipite ndani ya kompyuta."

Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Akasubiri nimalize.
Hapo ndipo aliponiweza.
Akasema prosesa ina homa, feni zinanguruma kutwa,
na mama yake ni muuguzi wa zamu ya usiku,
hulala mchana,
na ukuta kati yao ni mwembamba kama kaki.

Chini ya ngazi nilikuwa na shaba ya milimita kumi na tano,
niliyoing'oa kanisani Bethania lilipouzwa kuwa nyumba za kupanga.
Miaka arobaini ilipasha miguu ya waimbaji.
Tungeigeuza kazi uzeeni:
isilete joto, iliondoe.

Tukasugua kwa siki na chumvi.
Weusi ukatoka, na chini yake
wekundu wa shavu la mtu aliyeingia kutoka baridini.

Rejeta aliyoinunua nikamrudishia, bado imo ndani ya boksi lake.
Ilikuwa ya alumini.
"Alumini na shaba zikinywa kikombe kimoja," nikamwambia,
"moja humla mwenziwe, polepole, bila kelele."
Akaandika hilo pembezoni mwa mchoro,
akalipigia mstari.

Vipande vitatu aliviharibu akijifunza kukunja.
Springi tumboni, bomba gotini, pumzi ndani:
"Usiligombeze. Ukiligombeza linakunjamana."
Cha nne kikatii.
Mkunjo ukapita nyuma ya kadi ya michoro
kama mtu anayepita nyuma ya viti
bila kuomba radhi.

Viwiko vilikuwa vinne. Kimoja nikampa alehemu yeye.
Mkono ulitetemeka, moto ukalamba pasipotakiwa,
bati likaganda na nundu moja mbaya.
Vitatu nikalehemu mimi,
nikipiga mluzi.

Kisha jaribio: pampu peke yake iwake, mengine yote yazimwe,
maji ya betri yazunguke usiku kucha,
tishu nyeupe chini ya kila kiungo.
Tukakaa sakafuni kama wauguzaji.
Saa nane usiku, tishu moja ikawa na doa
lisilozidi dengu.

Kiwiko cha nne.

Nikakohoa. Hotuba nilikuwa nayo tayari,
ile ya ufa usiozibwa na ukuta unaojengwa,
nimewahutubia wanagenzi sita, mmoja alilia.
Iestyn akahesabu kwa kidole kutoka kwenye pampu:
moja, chenye nundu, chake, kikavu kabisa.
Mbili. Tatu. Nne.

Cha nne kilikuwa cha mluzi.

Mvua tu ndiyo iliyosema kitu.
Halafu yule mtoto, bila kunitazama, akasema:
"Labda bomba lilikuwa na unyevunyevu tokea mwanzo."

Kisingizio changu hicho.
Nimewauzia wateja miaka thelathini na moja,
na sasa ananirudishia bure,
kimekunjwa vizuri.

"Hapana," nikasema. "Niliharakisha. Leta msasa."

Jumanne saa nne asubuhi mama yake aliingia, akavua viatu, akalala.
Iestyn akabonyeza swichi.
Taa ya kijani. Kioo kikaamka.
Nikatega sikio kusikiliza mngurumo, nikaambulia saa ya jikoni.

Nikaweka kiganja juu ya shaba ya Bethania.
Vuguvugu,
kama benchi ambalo mtu
amesimama sasa hivi kuimba.