Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa nne. Tangazo lilisema saa mbili.
Mwenyekiti, Bwana Lugembe, aligonga meza kwa kizibo cha soda.
Mahudhurio: wajumbe thelathini na mmoja.
Mwandishi ni mimi. Naandika tangu tawi likiwa
bendera moja na benchi la kuazima kwa fundi Nkwimba,
huku juu Igogo, ambako nyumba zimeshikilia mawe
na mawe yameshikilia sijui nini.

Akidi ilitimia.
Sikuandika kwamba ilitimizwa na basi dogo la kijani
lililoshusha watu tisa wenye kadi mpya,
mmoja akiuliza choo kiko wapi
kwenye tawi lake la miaka sita.
Wala sikuandika kuwa marehemu balozi Masalu
kalipa ada ya mwaka huu,
tena mapema, jambo ambalo hai hakuliweza.

Ajenda ya tatu, kura za maoni.
Wagombea watatu, dakika tatu kwa kila mmoja.
Holo, binti wa muuza mapanki, alitumia mbili
kueleza habari za mtaro,
ile iliyobaki akatutazama tu.
Mhandisi alisema “ndugu zangu” mara kumi na nne. Nilihesabu.
Wa tatu hakuwa na haja ya maneno.
Usiku wa jana alikwisha kuyasema,
mlango kwa mlango, elfu kumi kwa elfu kumi,
akaiita nauli.
Nauli ya wapi? Kutoka kwangu hadi ofisini ni nyumba tatu.

Niliipokea. Hilo liingie kwenye kumbukumbu.
Nilinunua unga, na dawa ya kifua ya mjukuu,
kisha nikaingia kile kibanda cha shuka mbili
nikampigia kura Holo.
Mkono haukutetemeka. Cha mtu ni cha mtu, kura ni yangu:
ndivyo nilivyojiambia, na hadi leo sijui
kama ndivyo.

Sanduku letu ni ndoo ya mafuta, lita ishirini,
kifuniko kimetobolewa kwa kisu cha moto.
Tulizimwaga kura mkekani. Zilinuka alizeti.
Holo kumi na saba. Mhandisi nane. Wa nauli sita.
Sita!
Basi peke yake lilileta tisa.
Tulicheka mpaka Lugembe akavua miwani, akaifuta,
akasahau kuirudisha.

Wiki ya tatu barua ikashuka.
Barua za chama hushuka; zetu hupanda,
na huko juu hatujui nani huzifungua.
Vikao vya juu, baada ya kutafakari kwa kina,
kwa maslahi mapana,
na chini ya hayo mapana jina moja jembamba:
la nauli.

Leo tumeketi tena. Mwenyekiti anauliza,
“Yatokanayo na kikao kilichopita?”
Mtu anakohoa. Dirishani, bondeni kule,
magugumaji yameingia ghubani usiku,
kijani kitupu, mgeni angedhani ni shamba la mtu,
angetia mguu.

Holo yupo, benchi la nyuma.
Amekuja na ada yake, noti iliyokunjwa mara nne.
“Niandikie stakabadhi,” ameniambia. Basi.
Sikujua pa kuyaweka macho.

Lugembe hanitazami.
“Katibu, andika: wajumbe wameridhia
kwa kauli moja.”

Kauli ya nani? Sijasikia hata moja.
Leja ni ya chama, meza ni ya chama,
kalamu nimeinunua mwenyewe, shilingi mia tatu,
pale kituoni.
Naandika polepole, kwa ile hati ya shule ya msingi
ambayo hata mtoto wa mtoto ataisoma:
Kumi na saba. Nane. Sita.

“Umeandika?”

“Nimeandika, Mwenyekiti.
Tuendelee.”