Ratiba ya Ijumaa

Maarika amebandika ratiba dukani kwa mwoka mikate:
Ijumaa hii, Mshtarii. Ijumaa ijayo, mwezi kupatwa,
saa tisa na dakika kumi usiku. Soksi mbili mbili.

Mwezi uliopita tulitazama mawingu.
Endel akaifunika darubini yake blanketi
kama mtu anayemfunika ng'ombe mgonjwa.

Kioo chake alikisugua mwenyewe, jikoni,
majira mawili ya baridi,
mkewe kando akichekecha unga,
akilalamika: una mchanga.

Leo anga limekubali.
Kilimia kimesimama juu ya mnara wa maji;
hapa Haapsalu watu hukiita Chekeche,
wala hakimlimishi mtu, theluji imefika magotini.

Binti wa Leida anapanda juu ya kreti,
anafumba jicho moja, kisha lile jingine.
Sita, saba, tisa…
"Yanavuja," anasema.

Endel anainama baada yake.
Anapitiliza zamu yake.
Miguu inatuganda, Mshtarii unatelemka,
na hakuna anayemgusa bega.

Pembeni mwa ratiba, kwa penseli:
Ijumaa ijayo mikate ataleta Endel.