Chini ya M

Nilikuwa juu ya ngazi, Soko Matola, mwezi wa tatu,
namalizia A ya mwisho kwenye bango la duka la saruji,
mama mwenye beseni la viazi akasimama chini yangu,
akasoma kwa sauti, akaguna.
"Fundi, herufi ya kwanza siyo."

Nikahesabu. M, B, E, Y, A.
Tano, kama risiti ilivyosema.

"Ibeya," akasema. "Kwetu Wasafwa ni chumvi."
Yuniki Mwazembe, wa Itiji. Akatua beseni.
Bibi wa bibi yake, alisimulia,
alishuka na ulezi mgongoni, akalala njiani,
akarudi na donge ndani ya jani la mgomba,
dogo, kama ngumi ya mtoto mchanga.
Nyumba saba zikaonja kwa ncha ya ulimi
kabla halijatiwa chunguni.

Asegelile wa baiskeli akacheka, mikono imejaa grisi:
"Jina ni soksi, mama. Huvaliwa tu."
Yule mama hakumjibu. Alipima viazi vya mtu, akaenda zake.

Nami nikabaki na ile I.
Iganzo wanayo yao. Isanga hawajaitoa.
Iyunga, Ilomba, Iwambi,
kila mtaa umeshika mkongojo wake mlangoni,
mji peke yake unatembea mikono mitupu.
Nani aliichukua? Karani mwenye haraka?
Au ni mtu aliyewekewa chembe kinywani
akaulizwa, hapa ni wapi,
akafumba midomo isimdondoke:
Mmm—

Mwenye duka hakutaka kusikia.
"Nimelipia Mbeya, niandikie Mbeya."
Basi nikaikwangua M yote, nikasema ina kasoro,
nikapiga ubao rangi nyeupe,
na juu ya weupe ule, kwa brashi nyembamba, I,
nyeupe vilevile, isionwe na mtu.
Ilipokauka nikaifunika na M nyeusi,
vilele viwili, kama Loleza na mwenzake,
na katikati ya bonde, ndani,
mtu mmoja amesimama wima na mzigo wake.

Mvua ilikuja saa kumi.
Tone likateleza kutoka kwenye bango hadi mdomoni mwangu.
Nikalilamba, sijui nilitegemea nini.
Lilikuwa na ladha ya rangi.
Nikatema, nikakunja ngazi,
nikaenda kununua chumvi ya mia mbili.