Mama Helopeltisi

Chande Liponda anafanya kibarua Naliendele,
kwenye bustani ya miche ya wataalamu wa mikorosho:
anamwagilia, anahesabu, anabandika vibao,
na kila Jumamosi anapanda Newala na neno jipya
mfukoni, kama mtu aliyeokota funguo za watu.

Ni mtani wangu. Babu yake aliingia kaburini mwa babu yangu
akalala chali, akagoma kutoka
mpaka alipwe jogoo.

Basi alinikuta bandani ninabangua,
majivu viganjani nisibabuke kwa mafuta ya ganda.
Akasimama mlangoni, ananuka salfa, akasema:
“Hujambo, Helopeltisi?”

Enhe. Nikalipenda.
Lilikuwa na harufu ya duka la manukato,
ya kile kichupa kidogo ambacho bei yake huulizi.
Nikalitembeza siku kumi na nne.
Kwenye daftari la kikundi cha kukopeshana
nikamwambia katibu: andika Somoe,
halafu kistari, halafu Helopeltisi.
Akaniuliza herufi. Nikamtajia, moja moja, bila haya.

Ndipo akaja bwana shamba na picha zake.
Akabandika moja ukutani: mdudu mwembamba, mwekundu,
mdomo kama sindano ya kushonea magunia.
Anafyonza chipukizi, akasema, na tawi linakauka
utadhani limepitiwa na moto.
Chini ya picha, jina langu.

Kina mama walicheka mpaka nyundo zikakosea,
na korosho iliyopasuka hailipwi bei ya nzima.

Nikaenda kwa Bibi Filomena,
aliyevuka Ruvuma begani kwa mjomba, mwaka wa vita,
na Kireno kidogo kimemganda kama utomvu wa bibo nguoni.
Alikuwa anamenya ming’oko.
“Bibi, nipe tusi. La mmea, la mdudu, la chochote,
mradi Naliendele hawalijui.”

Akanipa lagaticha, mjusi wa ukutani.
Akanipa sapu, chura.
Akanipa la kunguni, likanikwama menoni,
tukamwacha kunguni alale.
Akanipa abobra. “Boga,” akasema,
“lakini lijaze mashavuni kabla hujalitoa.”

Nikamwuliza, na nyani wanamwitaje?

Kisu kikasimama.
“Hilo ninalo. Hilo baba alikuwa akiitwa
shambani kwa pamba, alfajiri, sisi tunatazama,
na aliyemwita ameshika kiboko.
Wewe Chande akikuita mdudu, unakuja hapa
kutafuta la kumrudishia. Yule baba angemwita nani?
Hilo silitoi. Nitakufa nalo.”
Akaendelea kumenya. Ganda refu, halikukatika.

Jumamosi nikaoga, nikajipaka mafuta,
nikamsubiri mlangoni.
“Karibu,” nikasema, “Abobra.”
Akasimama. Akalionja.
“Abobra,” akasema taratibu. “Ndiyo nini?”
Nikainama, nikabangua. Lugha za watu, nikasema,
zina heshima zake.

Akaondoka kifua mbele, masikini ya Mungu.

Na sasa imeandikwa kwenye bamba la matope
la pikipiki yake, nyuma, herufi nyekundu,
kivuli cha njano, fundi kachukua elfu saba:
ABOBRA.
Inapita stendi, inapita mnadani,
watoto wanaikimbilia wakiita, naye anapiga honi.

Juzi ilipita mbele ya Bibi Filomena.
Alisoma kwa kidole hewani, silabi kwa silabi,
akakaa juu ya gunia la mbaazi la mtu asiyemjua
na kucheka mpaka kilemba kikafunguka.
Sikuwahi kumwona akicheka kwa lugha ile.

Chande ananiuliza, yule bibi ana nini?
Nikamwambia, amefurahi, kaona jina la kwao.

Kumwambia, nitamwambia.
Ila nasikia bwana shamba ana picha za mboga pia,
na zinakuja Oktoba.