Tupu Nalo ni Behewa

Kazi yangu ni kungoja.
Vipimo mia moja na kumi na viwili vya kimya,
matoazi yamelala mapajani kama sahani za wageni,
kisha pigo moja.
Basi. Miaka kumi na tisa nimekula mshahara wa pigo hilo
(mshahara, nasema: nauli ya kurudi Katuba, na soda).

Papa Oskari Kapend alinifunza kuhesabu relini.
Treni ya madini ilipita polepole, akasema: Mwenze,
usihesabu kwa mdomo, mdomo una mengi,
hesabu kwa goti.
Nikapata arobaini na moja.
Akasema, arobaini na mawili. La mwisho halikuwa na mzigo
ukalidharau.
Tupu nalo ni behewa.

Matoazi haya ni shaba. Huenda ilitoka hapa hapa,
chini ya kilima cheusi na dohani yake,
ikaondoka ikiwa jiwe, hakuna aliyeiaga,
ikarudi imekuwa miduara miwili ndani ya sanduku,
na pale Kasumbalesa tukatozwa ushuru.
Papa Oskari alivua saa yake ya mkononi
akaiweka juu ya meza ya afisa, taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto.
Tangu siku hiyo, akiuliza ni saa ngapi
sisi sote hutazama sakafu.

Usiku huu ni wake wa mwisho.
Suti ni ile ya kahawia, kiwiko kimetiwa kiraka
na mke wa Umba wa fagoti.
Ukumbi umejaa hadi ngazini: watu wa Ruashi, wa Kenya,
masista, wachimbaji wenye wekundu chini ya kucha.
Mheshimiwa hakuja. Kiti chake amekalia mtoto
mwenye andazi.

Mkono wa kushoto unamtetemeka. Tangu Machi.
Tulikubaliana bila kikao: tufuate wa kulia.
Na masikio yake —
hilo hatulisemi.

Mia na tano. Mia na sita.
Jasho linaingia kwenye vishikio vya ngozi.
Mia na tisa, hanitazami.
Mia na kumi, yuko kwa wapiga kontrabasi,
anawaomba kitu kizito, nao wanampa.
Nasimama. Goti linajua.
Mia na kumi na moja,
na hapo, si mkono, si fimbo,
unyusi tu unapanda,
nikafungua mikono, nikapiga,
na ule mgodi wote ukalia.

Baadaye muziki ulikwisha.
Mkono wake haukwisha.
Fimbo iliendelea kukata hewa, moja, mbili, tatu, nne,
na hakuna aliyecheka.
Wapiga fidla waliacha nyuta zao juu.
Wenye tarumbeta hawakumeza mate.
Hata watu walishika makofi yao viganjani,
na yule mtoto aliacha kutafuna.
Labda hakusikia kwamba tumefika.
Labda alisikia kilichobaki.
Mimi nilihesabu, ndiyo kazi yangu:
kipimo kimoja. Kipimo cha pili, kizima, hadi pigo la nne.

Ndipo akashusha fimbo.
Makofi yakapukutisha vumbi la dari,
na katikati ya kelele ile akainama kwa Umba,
akamuuliza ni saa ngapi,
na sisi, watu themanini na wawili,
tukatazama sakafu.