Mikanda Miwili

Baba yangu, Ilarie, ana Dacia ya rangi ya haradali,
ya mwaka sabini na nane, na huitaja
kama wengine wanavyotaja mtoto aliyefaulu.
Hakuna kitu ndani yake asichokijua kwa kidole:
plagi nne, kabureta, waya unaoweza kuufuata kwa macho
kutoka betri hadi taa, bila kumuuliza mtu.
Siku mkanda wa feni ulipokatika juu ya Prislop
mama alivua soksi yake ndefu ya nailoni,
baba akaipiga fundo, wakateremka hadi Borsha,
mguu mmoja wa mama umegeuka buluu kwa baridi.
Hadithi hiyo nimelishwa pamoja na ugali.
Ya kale, husema baba, ni dhahabu.

Langu ni la umeme. Halina mlio; lina maneno.
Nikikanyaga mstari, linanikemea.
Nikipiga miayo, linanichorea kikombe cha kahawa.
Kioo chake ni kikubwa kuliko dirisha la jikoni kwetu,
na ili nipunguze joto la miguuni
sharti nipekue kurasa tatu, macho nje ya barabara.
Januari, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri,
vitasa vilijificha ndani ya milango, vikagandia humo.
Simu, ambayo ndiyo ufunguo, ikazimika mfukoni.
Nikasimama mbele ya mali yangu, deni la miaka sita,
kama mgeni anayebisha hodi kwa watu waliolala.
Baba akaja na birika. Hakusema neno.
Alimimina taratibu, akipiga mluzi.
Mluzi ule niliusikia hadi Pasaka.
Kipya kinyemi, nikajisemea, ingawa kidonda.

Lakini kuna jambo ambalo hadithi ya soksi huliruka.
Mama ana kovu juu ya jicho la kushoto,
jembamba, limepinda kama alama ya mkato.
Kona ya Moisei, themanini na sita. Ng'ombe barabarani.
Mikanda ya viti baba alikwisha kuikata zamani
akafungia kuni juu ya keria: imara mno, alisema,
kuipoteza bure kwenye tumbo la mtu.
Breki zilishika. Mama hakushikwa na kitu.
Baba akianza kuisifu Dacia, mama hushusha kitambaa kidogo,
anaendelea kumenya viazi.

Oktoba, usiku, mvua. Baba kando yangu
ananieleza kwa mara ya mia kwamba gari lenye kompyuta
ni punda anayehitaji wakili.
Gari likafunga breki.
Si mimi. Mimi nilikuwa bado sijaona kitu.
Mkanda ukambana baba kifuani, neno likamkatikia,
na hapo ndipo taa zikatuonyesha:
mkokoteni wa nyasi kavu, bila taa, bila hata kibati cha kung'aa,
na farasi aliyegeuza shingo akatutazama
kana kwamba tumemwingilia chumbani.
Juu ya nyasi Gavrila amelala, chupa kifuani.
Hajui mpaka leo.

Tukakaa. Waipa zinafuta, zinafuta.
Baba akapeleka kidole juu ya jicho lake la kushoto,
pale ambapo yeye hana kitu.
"Mwaka ule," akasema. Basi.

Nilidhani ataiuza. Sikumjua.
Jumamosi alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, Sighet,
akarudi na mikanda miwili iliyong'olewa kwenye gari la watu,
bado inanuka sigara za mtu asiyemfahamu.
Akaitoboa Dacia kwa drili, akiitukana kila ilipolia,
akakaza bolti nene kama kidole gumba.

Sasa, Jumapili, wakienda kanisani,
mama akikaa tu, kabla hajapanga sketi yake,
baba hawashi injini. Anatazama mbele,
mikono juu ya usukani, anaanza kwa mdomo:
pi, pi, pi,
pi, pi, pi,
mpaka asikie kibano kimelia.