Mara Kumi na Tisa

Nimewaona mara kumi na tisa.
Ile ya Ukumbi wa Reli siihesabu, sikuingia:
nilisimama nje ya uzio, tarehe ishirini na nane,
mfukoni nina ufunguo tu,
nikasikia gitaa la Lagat likishuka juu ya mabati
kama mvua ya mawe ya Molo.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa makosa.
Nyaboke alinieleza ni kwaya.
Nikavaa sketi ndefu, nikajifunga kitambaa,
nikaketi safu ya pili, mkoba magotini.
Taa zikazimwa, zikawaka, na hapo mbele yupo mtu
mwenye viatu vya kisigino cha shibiri nzima,
suruali ya fedha imemshika kama ganda la muwa,
midomo zambarau, kope kijani,
kifua kimepakwa unga unaometa.
"Yesu wangu," akasema Nyaboke.
Mimi sikusema kitu. Nilisimama.
Tangu siku hiyo sijaketi kwenye roki.

Siku hizi nawajua.
Koti la mabawa la Wekesa, mpiga ngoma,
lilishonwa na mama yake kule Bondeni
kwa masalio ya pazia la harusi.
Wimbo wa tatu Barasa hukosea,
kila mara, pale pale,
nasi humngoja akosee ndipo tupige vigelegele.
Wakifika wa nane jasho limeshinda rangi,
kijani kimefika kidevuni,
nyuso zao ni kuta za chokaa katikati ya masika,
na hapo ndipo wanapopendeza.

Gilgil umeme ulipotea.
Mtu akaingiza pikipiki mlangoni, akawasha taa yake kubwa,
ikampiga Lagat kifuani, dari lote likajaa cheche.
Akaimba bila kipaza sauti.
Kumbe sauti yake ni ndogo.
Ndogo, ina mkwaruzo,
sauti ya mtu anayeuliza njia usiku.

Njoro tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na askari wa mlangoni.
Walipiga kana kwamba tumejaza Afraha.
Lagat alishuka akatuimbia mmoja mmoja,
na aliponigusa bega
gamba moja la pambo likabaki kwenye sweta yangu.
Ninalo. Limo ndani ya kikopo cha vifungo,
na sijamwonyesha mtu, hata Nyaboke.

Kazini huaga kwamba nimefiwa.
Bwana Kariithi, mwenye duka la dawa,
anasema ukoo wetu unakwisha.

Halafu Jumanne moja, saa nne asubuhi,
akaingia.
Sweta ya buluu, kandambili, unga wa kinu nyweleni,
mrefu kidogo tu kuliko mimi, bila visigino.
Anataka dawa ya kikohozi ya mtoto.
Nikamtajia bei. Akauliza kama ipo ya chini.
Akapanga sarafu kwenye kioo, akazihesabu mara mbili,
na alipoinama nikaona, nyuma ya sikio la kushoto,
ambapo kitambaa hakikufika Jumamosi,
nukta moja ya fedha, inawaka.

Ningeweza kusema.
Maneno yote ninayo, hata ya ule wimbo walioacha kuuimba.
Nikasema: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku,
tikisa chupa kwanza.
Akasema, asante, mama.
Nikamrudishia chenji nikakosea,
makusudi, pale pale,
kama Barasa.

Jumamosi hii wako Lanet.
Nyaboke anasema miguu yangu imevimba,
mwanamke wa hamsini na mbili anatafuta nini mbele ya spika?
Nimepaka rangi kidole kimoja tu cha mguu,
kile kidogo, ndani ya kiatu cha kufunika.

Leo nimeomba ruhusa.
Bwana Kariithi akavua miwani:
"Nani tena?"
Mjomba, nikamwambia.
"Yule wa Gilgil?"
Huyo huyo.
Hajapona.